UZI: Ranchi ya kondoo iliyofukua makaburi ya miaka 42,000. Historia ya Mungo, Australia

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande. Mwenye haraka aukute kesho, hautakimbia.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, upande wa Haubi. Miaka kadhaa sasa naishi Mildura, mji wa zabibu kandokando ya Mto Murray, kusini mashariki ya Australia, na kazi yangu ni kufungasha zabibu. Kiswahili hapa hakinikauki mdomoni, maana kuna Warundi na Wakongo wa kutosha, na Warundi wengine wamepata vipande vya ardhi wanalima mahindi kama nyumbani. Mmoja wao ndiye aliyenichukua siku moja ya mapumziko akaniambia twende tukaone Mungo.

Ni kama kilomita 110 kaskazini mashariki ya Mildura, sehemu kubwa barabara ya vumbi. Ukifika unakuta bonde pana, tambarare kama sinia, limeota vichaka vya kijivu vya magotini. Upande wa mashariki wa bonde kuna tuta la mchanga na udongo lililopinda kama mwezi mwandamo, urefu wake zaidi ya kilomita 30, limechongwa na upepo na mvua mpaka limebaki minara na makorongo, jeupe na jekundu. Wanaliita Kuta za China.

Mwenzangu alikuwa anapiga picha. Mimi nilisimama tu, kwa sababu niliyajua makorongo yale. Mtu aliyekulia Kondoa hahitaji kuelezwa korongo linazaliwaje. Nikaanza kuuliza maswali, nikasoma, nikarudi tena mara tatu, na hiki ndicho nilichokipata.

Kwanza niondoe swali ambalo najua litakuja: jina Mungo halihusiani na Mungu. Ni mtakatifu wa Waskoti, msimamizi wa mji wa Glasgow. Lilifikaje jangwani nitasema mbele.

Lile bonde ni sakafu ya ziwa. Enzi za baridi kuu ya dunia maji ya milima ya mashariki yalishuka kwa Mto Lachlan, yakaingia kijito cha Willandra na kujaza maziwa yaliyofuatana kama shanga. Ziwa Mungo lilikuwa moja wapo. Watu waliishi ufukweni, wakavua samaki, wakala kome, wakawasha moto, wakazika wafu wao kwenye tuta. Maziwa yakakauka zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Watu hawakuondoka. Ni mababu wa makabila matatu yaliyopo mpaka leo: Wapaakantyi, Wangyiampaa na Wamutthi Mutthi.

#2 Mleta uzi

Tunaendelea. Sasa wanaingia kondoo.

Katikati ya karne ya 19 wafugaji wa Kizungu walipanda na mito ya Murray na Darling wakitafuta malisho. Serikali ya kikoloni ya New South Wales iliihesabu ardhi yote kuwa mali ya Taji la Uingereza, ikawapangishia wafugaji maeneo ambayo mtu wa kwetu angeyaita wilaya. Eneo hili likaitwa ranchi ya Gol Gol. Wenyeji waliokuwa wakifuata maji na mawindo wakajikuta wapita njia kwenye nchi yao. Waliobaki wengi wakawa wachungaji na vibarua wa ranchi.

Mwaka 1869 ndio unaotajwa kwa ujenzi wa banda la kukatia manyoya, na banda lenyewe bado limesimama. Nimeingia ndani. Limejengwa kwa magogo ya saipresi yaliyolazwa moja juu ya jingine na kuchomekwa kwenye nguzo zilizochongwa mifereji, kwa hiyo ukuta haukuhitaji misumari mingi. Inasimuliwa kuwa vibarua wa Kichina ndio walioijenga kazi ile, na kwamba Kuta za China zilipata jina kutokana nao. Sakafu imelainika kwa mafuta ya manyoya. Ukipitisha mkono kwenye mbao za vizuizi unahisi utelezi, kana kwamba kondoo wa mwisho ametoka jana. Msimu wa kukata manyoya makumi ya maelfu ya kondoo walipita pale, marobota ya sufu yakapakiwa kwenye mikokoteni kwenda mtoni, na kutoka mtoni meli za moshi zikayapeleka kuuzwa.

Tatizo ni kwamba nchi ile haikuwahi kubeba mnyama mwenye kwato. Kangaruu ana nyayo laini. Kondoo anakanyaga kwa kwato ngumu, tena anakanyaga palepale kila siku, kwa sababu maji yako palepale. Wafugaji walichimba malambo na kuwaweka kondoo kuyazunguka. Ukoko mwembamba unaoshika mchanga wa jangwani ukavunjika, vichaka vikaliwa mpaka mizizi.

Kisha wakaja sungura. Mwaka 1859 tajiri mmoja wa jimbo la Victoria, Thomas Austin, aliwaachia sungura wachache shambani kwake awe na kitu cha kuwinda. Kufikia miaka ya 1880 walikuwa wameshavuka Mto Murray na kuingia huku kwa mamilioni. Alichobakiza kondoo, sungura alikimaliza, magome ya miti nayo. Na juu ya hayo ukaja ukame mkuu wa 1895 hadi 1902. Magharibi yote ya New South Wales idadi ya kondoo ilianguka kwa zaidi ya nusu. Upepo ukabeba udongo, uzio ukafukiwa na mchanga, wafugaji wakafilisika, na serikali ikaunda tume kuchunguza hali yao, kisha mwaka 1901 ikatunga sheria maalumu ya ardhi za magharibi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Gol Gol ikakatwa vipande wakapewa askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Ndugu wawili wa ukoo wa Cameron walichukua kipande kimoja wakakiita Mungo, kwa kumbukumbu ya kanisa la mtakatifu yule wa Uskoti. Jirani yao paliitwa Zanci, na sehemu ya mbao za lile banda kubwa zikahamishwa kwenda kujenga banda la Zanci. Ukisimama leo kwenye banda la Mungo unaona mahali lilipokatwa.

Maisha ya hao wafugaji wadogo yalikuwa magumu na sipendi kuyapita mbio. Nyumba ya Zanci ilikuwa na kijumba cha kuchimba chini ya ardhi ili watu wapumue wakati wa joto. Walioiharibu ardhi kwa kweli walikuwa wameshaondoka na faida zao za miaka ya mwanzo. Hawa wa mwisho walirithi deni la ardhi na wakalilipa kwa jasho.

Katika miaka hiyo hiyo wenyeji walizidi kusukumwa. Mwaka 1933 serikali iliwahamisha Wangyiampaa kutoka makazi yao ya Carowra Tank kwenda kambi ya misheni ya Menindee, kwenye nchi ya Wapaakantyi, na mwaka 1949 ikawahamisha tena kwenda Murrin Bridge. Kaeni na jambo hilo kichwani, kwa sababu wakati watu wanahamishwa juu ya ardhi, wafu wao walikuwa wanaanza kutokeza chini yake.

#3 Mleta uzi

Tarehe 15 Julai 1968 mwanajiolojia Jim Bowler wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alikuwa akitembea kwenye lile tuta, akisoma tabaka za mchanga kujua hali ya hewa ya kale. Hakuwa akitafuta binadamu. Akaona mifupa iliyoungua imenata kwenye udongo mgumu, akaweka alama. Machi 1969 akarudi na wanaakiolojia. Mmoja akatambua kipande cha taya: ni mtu. Hawakuja na vifaa vya kazi hiyo, upepo ulikuwa unavuma, mifupa inavunjika. Wakaipanga kwenye sanduku la nguo la John Mulvaney, mmoja wa wanaakiolojia hao, ikasafiri hivyo hadi Canberra, mji mkuu.

Alikuwa mwanamke. Mwili wake ulichomwa, mifupa ikapondwa, ikachomwa tena, ikazikwa. Kwanza walikadiria zaidi kidogo ya miaka 25,000. Vipimo vilivyokuja baadaye vikafikisha takriban miaka 42,000. Ni mazishi ya kuchoma maiti ya zamani kuliko yote yanayojulikana duniani.

Februari 1974, baada ya mvua, Bowler huyohuyo akaona weupe wa fuvu ukitokeza mita mia chache kutoka pale. Safari hii alikuwa mwanamume mzima, mtu wa makamo, amelazwa chali, mikono imekutanishwa mapajani, na mwili umenyunyizwa udongo mwekundu ambao haupatikani karibu na ziwa. Kuna mtu aliubeba kutoka mbali kwa ajili yake. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimeliwa na baridi yabisi, kama cha mtu aliyerusha mkuki maisha yake yote. Naye ni wa miaka 42,000 hivi.

Fikirieni mwaka wenyewe. 1967 ndio Waaustralia walipiga kura kubadilisha katiba ili wenyeji wahesabiwe kwenye sensa ya taifa. Mwaka uliofuata ardhi ikamtoa mama huyu.

Na hapa ndipo kiini cha uzi wangu. Tuta lile lilikuwa limefunikwa na mimea kwa maelfu ya miaka. Kondoo, sungura na ukame ndio walioivua nguo, upepo na mvua vikafanya yaliyobaki. Yaani ranchi ileile iliyoliharibu bonde ndiyo iliyofunua kitu kilicholifanya bonde lilindwe. Serikali ya jimbo ikainunua Mungo kutoka kwa familia iliyokuwa ikiifuga, na mwaka 1979 ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 1981 eneo lote la maziwa ya Willandra, ambalo leo lina hekta zipatazo 240,000, likaingia kwenye Urithi wa Dunia. Zanci na ranchi nyingine zikanunuliwa baadaye, na leo hifadhi ina zaidi ya hekta 110,000.

Kondoo waliondolewa. Mbuzi wa mwituni na sungura wanapunguzwa mpaka leo. Sungura waliwahi kupigwa na ugonjwa wa miksomatosi ulioachiliwa kwa makusudi mwaka 1950 na kusambaa kutoka bonde hili hili la Murray, na miaka ya 1990 ukaja ugonjwa mwingine wa kuvuja damu. Malambo ya zamani mengi yamefungwa, maana penye maji mbuzi hawakosi. Vichaka vimerudi kwenye sakafu ya ziwa. Kangaruu wekundu na wa kijivu unawakuta pamoja, na emu wakitembea na watoto wao.

Lakini tuta halijapona. Kila mvua inafungua kitu kipya.

#4 Mfugaji wa Simanjiro

Mkuu shukrani kwa uzi, nimesoma neno kwa neno. Ila niseme ukweli wangu: kila nikisoma hadithi ya mifugo kuharibu ardhi na hifadhi kuja kuiokoa, roho inashtuka. Hadithi ya namna hiyo ikishasimuliwa vizuri, anayefuata kuondolewa ni mimi na ng'ombe wangu. Kesho mtu atauchukua uzi huu aseme mnaona, hata Australia waliondoa mifugo.

#5 Mleta uzi

Mkuu wangu wa Simanjiro, umenishika pale panapouma, na nakujibu kama mtu wa Kondoa.

Wengine hapa ni vijana hawaijui habari hii. Kwetu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kwa sababu milima ya Irangi ilikuwa imebomoka. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililobomoka la Kondoa, kilomita za mraba zaidi ya 1,250, mifugo takriban 90,000. Mwaka uleule wa Mungo. Nilipogundua tarehe hizo mbili nilikaa kimya muda mrefu. Babu yangu aliwapeleka ng'ombe wake kwa ndugu nyanda za chini, na bibi alizoea kusema kuwa nyumba bila harufu ya zizi haikumpa usingizi mwaka mzima. Majani yalirudi, miti ikarudi, makorongo yakatulia. Hilo niliona kwa macho yangu nikiwa mtoto. Na upweke wa babu niliuona pia. Yote mawili ni kweli, na siwezi kukuficha moja ili jingine lipendeze.

Ila usikubali mtu akulinganishe na ranchi ya Gol Gol. Wewe unahama. Ukiona nyasi zimeisha unafuata mvua, ardhi inapumua. Kule walileta maelfu kwa maelfu ya kondoo kwenye nchi isiyojua kwato, wakawazungushia uzio, wakawafunga kwenye lambo moja, na sufu ilikuwa inauzwa mbali kwa hiyo hakuna aliyesema inatosha. Ulinganisho wa kweli si mfugaji wa Simanjiro. Mtu wa kulinganishwa naye ni yule Mpaakantyi aliyekuwa akitembea na mvua kabla hajawekewa uzio.

Na wafugaji wa Willandra nao walilia. Mipaka ya Urithi wa Dunia ilipochorwa 1981 ndani yake kulikuwa na ranchi zinazofanya kazi, na wenyewe wakabaki miaka wakiwa hawajui wanaruhusiwa kuchimba lambo au kufyeka kichaka au la. Ndiyo maana mipaka ilirekebishwa 1995, na ziko ranchi zinazoendelea kufuga mpaka leo ndani ya eneo la urithi, ila sehemu zenye makaburi zimetengwa. Wafugaji wakapata viti kwenye kamati za usimamizi, sambamba na wazee wa makabila matatu.

#6 Mwalimu wa Historia

Uzi bora kabisa huu. Swali langu ni juu ya ile mifupa yenyewe. Nimesikia imezikwa tena. Kama ni kweli, je, hatujapoteza? Teknolojia ya leo inasoma vinasaba kwenye unga wa jino. Mtu wa miaka 42,000 ni mali ya binadamu wote.

#7 Mleta uzi

Mwalimu, hili limegawanya watu wenye akili na nia njema, pamoja na wenyeji wenyewe, kwa hiyo nalieleza taratibu.

Mifupa ilipochukuliwa hakuna aliyewauliza wenyeji. Waliosimama kudai walikuwa hasa akina mama, mfano marehemu Alice Kelly wa Wamutthi Mutthi. Hawakuanza kwa kufukuza wanasayansi. Walidai waulizwe, waambiwe, wawepo. Januari 1992 mwanamke wa Mungo akarudishwa nyumbani. Akawekwa kwenye kasha la chuma lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa wazee, wa pili kwa wanaakiolojia, na halifunguki mpaka funguo zote mbili zikutane.

Mwalimu, mimi kasha hilo silitoi kichwani. Miezi michache baadaye mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Australia ikatoa hukumu ya Mabo, iliyofuta ile hoja kwamba nchi haikuwa na mwenyewe Wazungu walipofika.

Mwanamume alibaki Canberra zaidi ya miaka 40. Novemba 2015 chuo kikuu kikaomba radhi rasmi, na Novemba 2017 akarudi. Bowler mwenyewe, aliyempata, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti arudishwe. Kisha likaja swali lako: azikwe au awekwe nyumba maalumu ya kutunzia, wazee wawe na ufunguo na wanasayansi wagonge mlango? Wazee wengine walitaka nyumba. Wengine walisema maiti haikai rafuni, basi. Aprili 2022 waziri wa mazingira wa shirikisho aliruhusu kuzikwa kwa mabaki ya watu 108 wa Willandra, na Mei 2022 yule mwanamke na yule mwanamume wakazikwa mahali pasipotangazwa, wakati baadhi ya wenyeji walikuwa bado wanalipinga jambo hilo kisheria.

Unataka maoni yangu? Nakubali kuna elimu iliyofukiwa pamoja nao, na inaniuma. Lakini swali la "mali ya binadamu wote" limekuwa likiulizwa na mtu mwenye ufunguo wa kabati. Ningependa funguo mbili zingedumu. Hazikudumu, na wa kulaumiwa kwa hilo si mama aliyetaka kumzika baba yake wa kale. Miaka 40 ya kutoulizwa ndiyo iliyofanya wengine wasiamini kasha lolote tena.

#8 Dada wa Old Moshi

Nimesoma hapo kwenye miaka 40 machozi yakanilenga. Sisi Old Moshi Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani. Mpaka leo ukoo unakitafuta. Mti upo, kaburi halijakamilika. Mleta uzi, nisimulie huyo baba wa Mungo alirudije. Nataka kujua siku hiyo ilikuwaje.

#9 Mleta uzi

Dada yangu, pole, na asante kwa kumtaja Mangi hapa.

Alirudi kwa barabara. Waliamua asisafirishwe kama mzigo wa makumbusho. Gari lake lilikuwa gari la maiti jeusi la zamani, la miaka ya 1970, ambalo siku zake za kazi liliwahi kubeba maiti za wenyeji wa New South Wales kuwarudisha makwao. Jeneza lilichongwa kwa gogo la mti wa red gum lenye umri wa miaka 8,000. Pamoja naye yakaja mabaki ya watu wengine zaidi ya mia moja waliochukuliwa Willandra.

Kutoka Canberra msafara ulipita miji ya Wagga Wagga, Hay na Balranald, na kila mji watu wa nchi hiyo walitoka kumpokea na kumpitisha, moshi wa majani ukafukizwa, ngoma zikachezwa. Ndio utaratibu wao: maiti akipita kwenye nchi ya watu wengine, wenye nchi wanampa njia. Siku ya tatu, tarehe 17 Novemba 2017, gari likashuka kwenye sakafu ya ziwa. Yule mwenzangu Mrundi alikuwepo. Anasema vumbi lilikuwa jingi, na kwamba watu hawakupiga makofi. Walisimama. Watoto walicheza ngoma ya kumkaribisha, miili imepakwa udongo, wakamchezea mtu ambaye wakati wake ziwa lilikuwa na maji.

Aliniambia pia kwamba alikwenda kama mtazamaji, akajikuta anafikiria makaburi ya ndugu zake aliyoyaacha Burundi, na akaondoka bila kuaga.

#10 Kijana wa Karatu

Mkuu, mimi naongoza watalii huku Ngorongoro. Umetaja makaburi tu. Nimesikia Mungo pia kuna nyayo kama zetu za Laetoli. Ni kweli? Na wageni wanaruhusiwa kuziona?

#11 Mleta uzi

Ni kweli, na nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Mwaka 2003 Mary Pappin mdogo, binti wa Mutthi Mutthi, alikuwa kwenye kazi ya kukagua ardhi pamoja na wanaakiolojia, akaona unyayo kwenye udongo mgumu uliowahi kuwa tope la ufukweni. Walipofagia mchanga zikatokea nyayo zaidi ya 400, za miaka ipatayo 20,000. Za Laetoli zilizopatikana na timu ya Mary Leakey mwaka 1978 ni za viumbe wa zaidi ya miaka milioni 3.6, kwa hiyo kwa ukale hazishindani. Hizi ni za watu kama mimi na wewe: wakubwa, watoto, wengine wakikimbia.

Kulikuwa na mstari mmoja uliowashinda wanasayansi. Unyayo wa mguu wa kulia, na mwingine wa kulia, na mwingine wa kulia. Wa kushoto haupo. Wakawaita wasoma nyayo wa Kipintupi kutoka jangwa la katikati ya Australia, watu waliokulia wakisoma mchanga kama wewe unavyosoma simu. Wakautazama wakasema: huyu ana mguu mmoja, na anaruka, tena anakwenda kasi. Hakuna mashine iliyosema hivyo kabla yao.

Wageni hawazioni. Zimefunikwa tena kwa mchanga, kama Laetoli ilivyofunikwa, kwa sababu hewa na mvua vingezimaliza. Kwenye kituo cha wageni wameweka nakala ya sakafu ile, unaweza kuvua viatu ukakanyaga. Nilikanyaga. Na kule kwenye Kuta za China mgeni anaishia kwenye njia ya mbao. Ukitaka kupanda tuta lenyewe ni mpaka uongozwe na askari wa hifadhi mwenyeji. Aliyetuongoza sisi alikuwa Mpaakantyi. Alisimama mahali akatuonyesha mawe meusi yaliyopangwa kwa duara, jiko la mtu, na magamba ya kome pembeni. Akasema wiki iliyopita halikuwepo, mvua ndiyo imelileta. Akalipiga picha na kuandika mahali lilipo, na kabla ya kuendelea akaokota kigamba kimoja kilichokuwa kimeviringika chini kutokana na hatua zetu, akakirudisha karibu na jiko.

Kijana wa Karatu, ukiniuliza bei na misimu, njoo kati ya Mei na Septemba, joto la Januari halifai. Na uliza barabara kabla hujatoka Mildura. Ikinyesha kidogo tu wanafunga, na leo ninapoandika imefungwa siku ya tatu. Ikifunguliwa nitakwenda kulipiga picha lile jiko kama bado lipo.